Lenzi ya Mia Nne

Tarehe 4 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Naandika kwa mkono mmoja, wa pili umembeba mjukuu wako, kwa hiyo ukiona mstari umepanda kama ngazi ujue kuna mtu amenipiga teke. Ningepiga simu, lakini wewe kwenye simu unaongea kama unamwita mtu aliye ng'ambo ya barabara, na pacha hawa wakiamshwa wote kwa pamoja mimi ndiye ninayelia. Basi pokea barua.

Nina jambo la kikazi. Dirisha letu la jikoni linatazama mabwawa ya kusafishia maji, hapo mkweo anapoendesha pampu. Nikiwa nanyonyesha sina cha kutazama ila ndege. Mwezi uliopita nilimpiga picha yangeyange mmoja, yule ndege mweupe, kwa ile kamera uliyonipa nilipoolewa. Mkweo akaipeleka ofisini kwao kujionyesha. Meneja wao, mama mmoja mkavu asiyecheka ovyo, akauliza, "Hii ni dawa ya meno imedondoka?" Lakini hakuirudisha. Akaniita.

Wanataka kalenda ya mwakani yenye ndege wa mabwawa, kila mwezi ndege wake. Amesema nikimletea picha kumi na mbili zinazofaa kabla tarehe 30 Juni haijaisha, atanichukua niwe mpiga picha wa ofisi, siku tatu kwa wiki, hatua mia mbili kutoka mlangoni kwangu. Nisipoweza, likizo yangu ya uzazi inaisha siku hiyohiyo, na tarehe mosi Julai narudi kiwanda cha chupa: kutwa nimesimama, watoto nimewaacha kwa jirani. Sitaki, Baba. Mkweo nimemwambia "tutaona". Wewe nakwambia sitaki.

Shida ni lenzi. Hii uliyonipa ni ya uso wa mtu. Ulinifundisha mteja akiwa mbali nimwambie asogee. Ndege ukimwambia asogee anahama bwawa. Nimeulizia. Kuna lenzi mpya ya kuvuta, ya plastiki, nyepesi, inafika milimita mia tatu. Kuna kipande cha kufunga nyuma ya lenzi uliyo nayo, kikaifanya ione mara mbili. Na kuna lenzi kuukuu za mtumba, za kuzungusha kwa mkono. Fedha niliyo nayo ni ile tuliyokuwa tunaweka ya friji dogo, na haiongezeki. Nichukue ipi?

Wajukuu wanakusalimu. Mkuu, yule aliyetangulia kuzaliwa, anakusalimu kwa kulala. Kelele anakusalimu kwa jina lake.

Mwanao,
Mama Pacha


Tarehe 15 Machi

Mama Pacha, mwanangu,

Marahaba. Barua yako imesomwa hapa studio mara mbili, na pale pa dawa ya meno mara tatu.

Kile kipande cha kuongeza kiache. Kinakuza ndege huku kinakula mwanga, utampata mkubwa na mweusi kama sufuria. Hiyo ya kuvuta ya plastiki si mbaya kwa mtu anayepiga ng'ombe aliyesimama juani. Lakini ikifika mia tatu inachoka, na ndege wana kazi zao asubuhi, mwanga ukiwa mdogo. Utaiacha kamera wazi muda mrefu, ndege atageuka moshi.

Wewe unataka lenzi ya urefu mmoja, mia nne, ya zamani, ya chuma. Haijitafutii yenyewe picha iliyo wazi, utaizungusha kwa mkono, lakini mkono huo niliufundisha mimi. Watu wameikimbia kwa uzito wake, ndiyo maana bei imeshuka.

Lenzi ya mtumba inakaguliwa hivi. Itikise, usikilize kama kuna kitu kinacheza ndani. Zungusha pete, isiwe nyepesi kama kifuniko cha chupa wala isigome. Tazama kioo cha nyuma, mkwaruzo wa nyuma unaumiza kuliko wa mbele. Halafu kubwa kuliko yote, ishike mbele ya taa, uchungulie kwa nyuma, utafute ukungu. Unaota ndani ya lenzi iliyokaa kwenye unyevu, kama utando wa buibui. Lenzi yenye ukungu usiipokee hata ya bure.

Usinunue huko. Hapa mkabala na ofisi ya mabasi kuna muuza kamera mwenye maneno mengi. Tuma hiyo fedha ya friji, nitakwenda mwenyewe. Miaka arobaini hakuna lenzi iliyonidanganya.

Baba yako,
ambaye bado wanamwita Mzee Tulia

Na mimi fundi viatu wa hapa barazani nakusalimu, mpwa wangu. Pacha wakianza kusimama usiwanunulie viatu. Tuma vipimo.


Tarehe 24 Machi

Baba,

Shikamoo. Fedha anakuletea dereva wa gari la dawa za maji, ni mtu wa kuaminika ila anapenda kuzungumza, mpe kiti.

Mkweo aliposikia habari ya friji akaniuliza, "Kwa hiyo maziwa tutayaweka ndani ya lenzi?" Nikamwambia tutayaweka kwenye beseni la maji kama mwaka jana, na mwaka jana alikuwa hai. Akaenda kunipimia umbali kutoka dirishani hadi kwenye bomba wanapotua ndege. Hatua sitini na nne. Huyo ndiye mkweo akikubali bila kusema amekubali.

Baba, mbona mwandiko wako umekuwa kama wa kibao cha duka? Mistari mitano ukurasa mzima. Umenitumia karatasi saba, mwenye posta alidhani ni hati ya kiwanja.

Mimi sijambo, nalala vizuri, usinifikirie. Barua hii nimeianza juzi.

Mwanao,
Mama Pacha


Tarehe 6 Aprili

Mwanangu,

Mzigo huu ufungue mezani, si kitandani. Ndani kuna lenzi, pete ya kuiunganisha na kamera yako, na soksi yangu ya sufu, ambayo ni mfuko wake. Soksi ni safi.

Yule muuza kamera alikuwa nazo mia nne mbili. Moja bei yake ni friji mbili. Hii bei yake ni friji yako na chenji ikabaki, nimekuwekea ndani ya soksi. Alitaka sana nichukue ile ya ghali, akatia maneno weee. Nikazishika zote mbili, nikazitikisa, nikazungusha pete. Hii pete yake ni kama siagi. Nikaziweka mbele ya taa, moja baada ya nyingine. Sikuona tofauti hata ya punje. Nikatoka nayo mlangoni nikatazama saa ya ofisi ya mabasi. Safi, vilevile ninavyoiona dunia kila siku.

Usiishike hewani, ni nzito. Chukua mfuko wa mchele wa kilo mbili, uuweke kwenye kizingiti cha dirisha, lenzi ilale juu yake. Mchele unaikumbatia kuliko stendi yoyote ya kununua.

Mwandiko ni mkubwa kwa sababu kalamu ni nene.

Baba


Tarehe 20 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nilitaka nikuandikie baada ya kufaulu, lakini siku zinakwenda.

Lenzi ni nzuri mkononi. Pete yake kweli siagi. Mchele umekaa dirishani, mkweo ameupa jina, anauita Mlinzi. Ila picha zangu, Baba, zote zimetoka kama nimepigia ndani ya mvuke wa chai. Ndege wapo, ukubwa ndio ule niliotaka, lakini weupe umetapakaa na rangi zimelala. Mwanzo nilidhani mkono unatetemeka. Nikaacha kuishika, nikabonyeza kwa waya. Vilevile. Nikadhani ni kioo cha dirisha, nikafungua dirisha, Kelele akapata mafua. Vilevile.

Najua ni mimi. Nakutumia sita nilizosafisha, mkweo ndiye aliyezifunga kwenye bahasha. Zitazame uniambie nakosea wapi. Meneja jana alinikuta sokoni akaniuliza, "Ndege wangu wanaendeleaje?" Nikasema wanaendelea.

Mama Pacha


Tarehe 30 Aprili

Mwanangu,

Picha nimezitazama mwenyewe, moja moja, dirishani. Sioni kasoro. Unajisumbua. Yule yangeyange aliyekunja mabawa umemkamata vizuri sana, ametulia kama amelipia. Huyo awe mwezi wa Januari.

Lenzi niliichagua mimi. Kama kuna mvuke, uko jikoni kwako.

Endelea kupiga.

Baba


Tarehe 8 Mei

Mjomba Fundi,

Shikamoo. Naomba barua hii usimsomee mtu.

Katika zile picha sita nilizomtumia Baba hakuna yangeyange. Nilikuwa na mdiria watatu, korongo mmoja, na mbayuwayu kwenye waya. Ya sita ni fulana ya mume wangu. Niliipiga ikiwa imeanikwa kwenye kamba ng'ambo ya bwawa, kujaribu umbali, na mwenyewe akaitia kwenye bahasha akidhani anafanya mzaha. Fulana nyeupe, Mjomba, ina vibanio viwili vya nguo mabegani. Baba anataka iwe mwezi wa Januari.

Nilicheka mpaka Kelele akaacha kulia akawa ananishangaa. Halafu nikakaa chini jikoni.

Nikaichukua lenzi, nikafanya alivyonifundisha yeye. Mbele ya taa, unachungulia kwa nyuma. Ukungu umejaa, una mizizi na matawi, mtoto mdogo angeuona. Baba wa miaka arobaini hakuuona.

Mistari mitano kwa ukurasa. "Barua imesomwa." Nilikuwa nasoma maneno hayo na kuyapita kama mtu anayepita duka lililofungwa.

Nijibu bila kuzunguka. Anaona kiasi gani?

Mpwa wako,
Mama Pacha


Tarehe 14 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Umesema nisizunguke, sizunguki. Baba yako haoni. Anaona dirisha liko wapi, anaona mtu akipita, anaona pazia lake la studio ni la bluu kwa sababu anajua ni la bluu. Muuguzi wa zahanati alimmulika mwaka jana akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba hutolewa mtu akarudi nyumbani siku ileile. Mzee alitoka pale akaniapisha juu ya nyundo yangu nisikwambie.

Tangu hapo barua zako namsomea mimi. Nisamehe, najua mpaka habari za maziwa yaliyokuuma mwezi wa kwanza. Kujibu anaandika mwenyewe, hilo hakubali kusaidiwa. Zile picha zako sita nilimwambia nimtazamie, akaziweka mfukoni. Akasema barua mtu anaweza kumsomea, picha hakuna mtu atakayemsomea.

Mteja akija, mzee anakaa nyuma ya kamera anasema "tulia". Mimi niko mlangoni na kiatu changu nasema "sogea kushoto", "inua kidevu". Kamera yake siku hizi inajitafutia yenyewe. Wateja wanadhani ni mtindo mpya. Siku moja nilikuwa na mteja wangu mwenyewe, nikamwambia ainue mguu. Yule wa pasipoti naye akainua.

Habari ya lenzi, nilikuwepo. Muuza kamera hakumficha. Alimwambia, "Mzee, hii ina ukungu, ndiyo maana bei iko chini." Mzee akadhani anasukumwa kwenye ile ya ghali. Akaishika mbele ya taa, akasema, "Unamwambia nani? Hii ni safi." Na mimi nikanyamaza, sikutaka kumwaibisha mbele ya mtu anayemzidi maneno. Kosa hilo ni langu. Ukitaka soli za bure maisha yako yote, sema.

Anaogopa daktari akikosea, hata kile kidogo alichobakiwa nacho kiende. Lakini zaidi anakuogopa wewe. Anasema ukijua utafunga studio, umchukue kwako, umkalishe kwenye kochi na kumpakatisha watoto, watu waanze kumwita babu wa pacha na jina lake life.

Fundi viatu


Tarehe 23 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Mjomba Fundi, najua ni wewe unayesoma. Weka kiatu chini. Soma kila neno, usiruke panapochoma wala usitie chumvi.

Baba, najua. Usimgombeze Mjomba, nilimbana. Yule yangeyange wako aliyekunja mabawa ni fulana ya mkweo.

Sasa nakupa habari ya lenzi, na usinikatize. Ilikuwa na ukungu. Sikuirudisha. Hapa mabwawani kuna fundi wa mita, mtu mwenye vidole vyembamba na bisibisi ndogo kama sindano. Alitandaza kitambaa cheupe mezani kwangu, akafungua pete ya mbele, vioo vikatoka kimoja kimoja, na chini ya kila kimoja akaniambia niandike namba. Ukungu ulikuwa kwenye viwili tu. Alivipangusa kwa spiriti na pamba, tukamaliza asubuhi moja. Pembeni pamebaki doa dogo, hata halionekani kwenye picha. Akaniambia kama ningenunua ile ya plastiki asingeweza kuifungua, zimegandishwa kwa gundi. Kwa hiyo aina ya lenzi ulichagua vizuri, Baba. Chuma chake na pete yake ulivijua kwa mkono. Ulichokosa ni kuuona ukungu, na ukungu ulitoka. Leo mdiria akitua kwenye bomba naweza kumhesabu manyoya ya shingo.

Wako nao unatoka.

Tarehe 5 Juni, saa mbili asubuhi, wodi ya macho ya hospitali ya hapo kwenu inakungoja. Nimepiga simu mwenyewe. Jicho la kulia kwanza, la kushoto Agosti. Nitakuja na pacha, tutalala studio, chumba cha nyuma. Studio haifungwi. Ufunguo unabaki mfukoni mwako. Hakuna anayekuhamisha, kochi lenyewe tunalo moja na mkweo hulalia yeye.

Halafu kuna hili. Picha zangu sasa zimefika mia tatu na ushee. Zinatakiwa kumi na mbili. Nimezitazama mpaka zote zimekuwa ndege mmoja. Mkweo anapenda zile tu ambazo pampu yake inaonekana. Sitazichagua mimi. Utazichagua wewe, kwa jicho lako, kabla ya tarehe 30. Usipokwenda hospitali, mimi sipeleki kitu kwa meneja, na tarehe mosi navaa kofia yangu ya kiwandani. Sikutishi. Nakwambia nilivyoamua, na unajua nikishaamua ninavyokuwa.

Nakupenda, ndiyo maana sibembelezi.

Mwanao,
Mama Pacha


Tarehe 29 Mei

Mpwa wangu, mkono ni wa fundi viatu, maneno ni ya Mzee. Kasema niandike kama anavyosema.

Wewe mtoto ni mkorofi. Ukorofi huo umeutoa kwa mama yako, Mungu amrehemu, mimi sina. (Amesema nifute hapo. Sina kifutio.)

Fulana nilijua ni fulana. (Hakujua.)

Nimewasikia wewe na fundi wako wa mita na namba zake. Mimi si lenzi. Lenzi ukiipasua unanunua nyingine. Mtu aliyepiga picha nusu ya mji huu, akitoka kwenye hiyo wodi haoni hata dirisha, atakwenda kukaa wapi? Uliliwaza hilo ulipokuwa unapiga simu?

(Hapa wateja wawili wamekuja wakaondoka. Sasa ameanza tena.)

Atakayerudi kiwanda cha chupa ni wewe, si mimi, na mimi ndiye niliyekupa kamera ili usiende huko. Basi njoo. Lakini mbele ya wateja usinishike mkono. Na lete picha zote, hata unazodhani ni mbaya, hasa unazodhani ni mbaya.

Mzee Tulia

(Ameagiza nimpigie rangi viatu vya kuendea hospitali. Nimeshampigia. F.V.)


Tarehe 21 Juni

Mwanangu,

Umeuona mwandiko? Mistari ishirini na sita kwa ukurasa mmoja. Naandika peke yangu. Fundi amenuna mlangoni, kanyang'anywa kazi mbili kwa mpigo. Jana mteja alipokaa, Fundi alisahau akasema "inua kidevu", nikamwambia kidevu hicho nakiona.

Uliponiachia zile picha na kurudi kwenu sikuzigusa siku tatu. Niliogopa. Ingekuwaje kama ni mbaya, na sasa naona? Kisha nikafunga mlango, nikazipanga sakafuni kutoka kwenye pazia hadi kizingitini, nikapita katikati yake kwa magoti.

Nimechagua kumi na moja. Zimo kwenye bahasha, nyuma nimeandika mwezi. Korongo mwenye tone la maji mdomoni ndiye Machi, usibishe. Mbayuwayu wanaogombana ni Septemba. Sikuwahi kukufundisha kungoja hivyo, umejifunza kwa nani? Watu wangu mimi walikuwa wanakaa nikiwaambia wakae.

Wa kumi na mbili hayumo. Mdiria unaye mara arobaini, na mara zote arobaini umemkata mkia au amegeuka. Una wiki moja. Mngoje.

Kuna picha nyingine humo, si ya ndege. Siku ya nne baada ya wodi nilitoka chumba cha nyuma nikakukuta umelala umekaa, kwenye stuli ya wateja, mgongo kwenye pazia la bluu. Mkuu kifuani, Kelele mapajani, kiatu kimoja kimekutoka. Nikachukua kamera. Ndiyo picha ya kwanza niliyoipiga naona. Itazame vizuri, kisha usome tena barua zako. Umeniandikia "nalala vizuri" na mimi nikaamini, kwa sababu ndivyo nilivyosomewa. Macho yako yameingia ndani, mwanangu. Mfupa wa shingo unahesabika kama manyoya ya mdiria wako. Ulinificha hayo, nami nikakuficha yangu, na tulikuwa tunaandikiana kila wiki mbili.

Nakuja Jumanne kwa basi la asubuhi. Studio nimeifunga mwenyewe, wiki tatu, nimebandika karatasi mlangoni. Ufunguo uko mfukoni mwangu, kama ulivyosema. Pacha nitawashika mimi. Hukuniomba, najiomba mwenyewe. Wakiniita babu wa pacha nitaitika.

Baba


Tarehe 4 Julai

Mjomba Fundi,

Shikamoo. Baba anasema nikuandikie mimi, yeye ana kazi, na kazi yenyewe ni Kelele aliyelala juu ya tumbo lake.

Alifika Jumanne. Siku ya kwanza alinipokonya watoto akaniamuru nilale. Nililala kwa saa kumi na moja mfululizo, Mjomba. Nilipoamka nilidhani nimekufa, nyumba ilikuwa kimya hivyo. Nikawakuta wote watatu wako dirishani, anawaonyesha bwawa, anawaambia, "Yule ni yangeyange. Wa kweli."

Siku nne tulimngoja mdiria. Tarehe 29 asubuhi akatua kwenye bomba, lakini nyuma ya valvu, mkia wote umefichika. Mimi nimeinama juu ya mfuko wa mchele, pumzi nimeibana, Baba yuko nyuma yangu na mtoto kila mkono. Nikamsikia ananong'ona kwa ile sauti yake ya studio, "Sogea kidogo. Kushoto. Haya, tulia." Na ndege akasogea. Akaruka hatua mbili kushoto juu ya bomba, akatazama kwetu, akatulia. Nikabonyeza. Tangu siku hiyo Baba anatembea humu ndani kama mtu aliyepandishwa cheo.

Kesho yake, siku ya mwisho, meneja alizipanga zote kumi na mbili mezani kwake, akazitazama moja moja mpaka nikaanza kuutazama mlango. Kisha akauliza, "Nani alizichagua?" Nikasema baba yangu. Akauliza, "Naye anatafuta kazi?" Nikasema ana studio yake. Akazikusanya, akasema, "Jumatatu saa tatu. Usichelewe." Kofia ya kiwandani nimempa mume wangu, anaivaa akipaka rangi.

Baba atarudi wiki mbili zijazo. Anasema hata akikuta mteja amekaa upande, unyamaze na kiatu chako. Mwachie mpaka Agosti, jicho la pili likishatolewa ukungu umtanie utakavyo. Vipimo vya miguu ya pacha vimo humu, nimevichora kwenye karatasi, wa Kelele haukutulia.

Ile picha yangu ya kwenye stuli nimeiweka ndani ya kabati, naitazama siku nikitaka kumwambia mtu kwamba nalala vizuri. Ya fulana mume wangu ameitia fremu, ameitundika jikoni, mahali tulipokuwa tumepanga friji. Chini yake Baba ameandika kwa mwandiko wake mdogo, ulionyooka, ambao lazima usogee karibu ndipo uusome: Yangeyange aliyekunja mabawa.

Mpwa wako,
Mama Pacha